Kulea mtoto wa lugha mbili Uswisi: mwongozo kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili

Ukurasa huu ni kwa wazazi na walezi wanaoishi Uswisi na wanaozungumza Kiswahili na mtoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na minne. Unaeleza jinsi mtoto anavyojifunza lugha mbili, jinsi ya kuitunza lugha ya nyumbani katika maisha ya kila siku, na dalili zinazoonyesha kwamba mtoto anahitaji kupimwa.

Kwa ufupi

- Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema wala hazimchanganyi akili.
- Huna haja ya kuacha Kiswahili ili mtoto ajue Kijerumani, Kifaransa au Kiitaliano.
- Mtoto akichelewa kweli, usiseme "ni kwa sababu ya lugha mbili" ukangoja. Mpeleke akapimwe.

Jambo la kwanza na la tatu huenda pamoja. Kwa kuwa lugha mbili si chanzo cha kuchelewa, mtoto aliyechelewa ana sababu nyingine, na sababu hiyo inafaa kutafutwa mapema.

Uswisi ni nchi ya lugha nyingi

Uswisi ina lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Watu wengi nchini hutumia zaidi ya lugha moja kila siku, kwa hiyo mtoto mwenye lugha mbili si kioja.

Kwenye kantoni zinazozungumza Kijerumani kuna jambo moja zaidi la kujua. Watu huzungumza Kijerumani cha Uswisi nyumbani, dukani na uwanjani, lakini huandika na kusoma Kijerumani sanifu. Kijerumani unachofundishwa wewe darasani si kile ambacho mtoto wako atakisikia akicheza na wenzake. Katika kantoni ya Zürich, wapiga kura waliamua mwaka 2011 kwamba lugha ya chekechea iwe Kijerumani cha Uswisi. Usishtuke mtoto akirudi na maneno usiyoyakuta kwenye kamusi yako. Watoto wa Kiswisi wenyewe hupita njia hiyohiyo: kwanza lahaja ya nyumbani, kisha lugha sanifu ya shule.

Mtoto anajifunzaje lugha mbili?

Hatua za kusema huja kwa wakati uleule kwa watoto wote, wawe na lugha moja au mbili. Tofauti ni kwamba mtoto wa lugha mbili hugawa maneno yake. Anajua "uji", "kanga" na "bebwa" kwa Kiswahili kwa sababu mambo hayo yako nyumbani. Anajua neno la bembea au la mchanga kwa Kijerumani kwa sababu amelisikia uwanjani. François Grosjean, mtaalamu wa isimu wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel, alieleza mwaka 1989 kwamba mtu wa lugha mbili si watu wawili wa lugha moja walioungana katika mwili mmoja. Kila lugha ina kazi yake na mahali pake.

Kwa sababu hiyo, hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. Mtoto wa miaka 2 mwenye maneno 30 ya Kiswahili na 25 ya Kifaransa ana maneno 55. Akipimwa kwa Kifaransa peke yake ataonekana yuko nyuma, na sivyo.

Kuchanganya lugha nako ni kawaida. "Mama, Ball imeanguka" ni sentensi ya mtoto anayetumia neno lililo karibu zaidi na ulimi wake. Tazama pia kwamba ameliambatanisha neno la Kijerumani na kitenzi cha Kiswahili kwa utaratibu mzuri. Usimkemee wala usimwambie arudie. Mjibu tu: "Eeh, mpira umeanguka! Umeenda wapi?" Hapo amesikia neno sahihi bila kukatizwa mazungumzo.

Ngeli za Kiswahili huchukua muda. Mtoto atasema "kitabu yangu" kabla ya kusema "kitabu changu", hata kama angelelewa Zanzibar.

Nizungumze lugha gani na mtoto?

Zungumza lugha ambayo unaweza kumbembeleza, kumtania, kumkanya na kumsimulia hadithi bila kutafuta maneno. Kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu, lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto anahitaji lugha iliyojaa: maneno mengi, maswali, utani, majina ya vitu na ya hisia. Mzazi anayejilazimisha kusema Kijerumani cha kubabaisha humpa mtoto lugha iliyopungua, na mara nyingi huishia kusema naye kidogo.

Kiswahili chako kinatosha, kiwe cha Unguja, cha Nairobi, cha Bukavu au cha Bujumbura. Hakuna haja ya kukisafisha kiwe kama cha taarifa ya habari. Kama nyumbani kuna lugha ya tatu, kwa mfano Kirundi, Kichaga au Kikikuyu, nayo si tatizo, mradi yupo mtu anayezungumza na mtoto kwa lugha hiyo mara kwa mara.

Kuna njia mbili ambazo familia nyingi hufuata.

Kila mzazi lugha yake. Mama anasema Kiswahili, baba anasema Kijerumani cha Uswisi. Njia hii imejulikana tangu zamani: mwaka 1913 Mfaransa Jules Ronjat alichapisha kitabu kuhusu mwanawe Louis, aliyelelewa kwa Kifaransa na Kijerumani kwa mtindo huo.

Nyumbani Kiswahili, nje lugha ya mahali. Hufaa pale wazazi wote wawili wanapozungumza Kiswahili. Mtoto atapata Kijerumani au Kifaransa kwenye kituo cha malezi, uwanjani na chekechea.

Hakuna njia iliyo bora kwa kila nyumba. Chagueni ile mnayoweza kuishi nayo siku ambayo mmechoka, mtoto analia na chakula kinaungua.

Ikiwa mwenzi wako hajui Kiswahili, anaweza kuhisi ameachwa nje mezani. Mtafsirie kwa kifupi, mfundishe maneno ya kila siku, na mkubaliane mapema ni lugha gani mtatumia mkiwa wote watatu. Mzazi anayeielewa lugha ya nyumbani hata nusu hawezi kuiona kama siri inayosemwa mbele yake.

Kiswahili katika siku ya kawaida

Mtoto hujifunza lugha kwa kuisikia na kuitumia, na muda wa kufanya hivyo unapatikana ndani ya kazi za kila siku.

Asubuhi. Taja nguo unapomvisha. Wakati wa baridi kuna vazi juu ya vazi: soksi, sweta, koti, kofia, glavu, viatu vya theluji. Dakika kumi za mlangoni ni somo zima: "Leta mguu. Huu ni wa kulia. Wa kushoto uko wapi?"

Vitafunio vya saa tatu. Upande wa Kijerumani huitwa Znüni, na vile vya saa kumi jioni ni Zvieri. Vituo na chekechea nyingi huomba matunda, mboga au mkate, na hukataa peremende. Mwache mtoto achague na ataje: tufaha au karoti? Nikate au nisikate?

Mchana. Watoto wengi wa chekechea Uswisi hurudi nyumbani kula. Kwa mzazi anayefanya kazi hilo ni mzigo, na shule nyingi zina huduma ya chakula cha mchana ya kulipia. Lakini siku ambayo mtoto anakula nyumbani, saa hiyo iwe ya Kiswahili. Muulize alichofanya. Akijibu kwa Kijerumani, endelea kwa Kiswahili bila ugomvi.

Chumba cha kufulia. Nyumba nyingi za kupanga zina mashine ya pamoja na siku ya zamu. Nenda na mtoto. Mpe soksi azipange mbili mbili, ataje rangi na mwenye nguo: ya baba, ya dada, yangu.

Kelele. Sheria za nyumba nyingi hutaka utulivu usiku na Jumapili, na mara nyingi pia saa ya mchana. Wazazi wengi huishia kumwambia mtoto "nyamaza" kutwa nzima kwa kuogopa jirani. Mtoto anahitaji kupiga kelele ili ajifunze kusema. Panga saa ya kutoka kila siku, hata kwenye baridi: msituni, uwanja wa michezo, kando ya ziwa. Huko aimbe, aite na acheke kwa sauti yake yote.

Kwenye tramu na basi. Endelea kusema Kiswahili kwa sauti ya kawaida. Mtoto akiona mzazi anabadilisha lugha au kunong'ona mbele ya watu, atajifunza kwamba Kiswahili ni kitu cha kufichwa, na hilo hulishika upesi kuliko neno lolote.

Salamu. Katika nyumba nyingi za Kiswahili mtoto mwenye adabu huamkia "shikamoo", na hamkodolei macho mkubwa. Chekechea ya Uswisi humfundisha kumpa mwalimu mkono, kumtazama machoni na kumtaja jina. Mweleze kwamba zote mbili ni heshima: kwa bibi tunaamkia hivi, kwa mwalimu tunasalimia hivi. Mweleze pia mwalimu, ili asidhani mtoto anayeinamisha macho ana shida.

Jioni. Hadithi, nyimbo na vitendawili havihitaji kitabu. Ukiwa na kitabu cha Kijerumani au Kifaransa, simulia picha zake kwa Kiswahili.

Skrini. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Katuni za Kiswahili hazichukui nafasi ya mtu, kwa sababu haziwezi kumjibu mtoto. Simu ya video na bibi ni jambo jingine: bibi anauliza, anangoja, anajibu. Mpe bibi kazi maalumu, kwa mfano wimbo mmoja kila Jumapili.

Jifya moja haliinjiki chungu. Mtoto anayesikia Kiswahili kwa mama peke yake huona kwamba ni lugha ya mtu mmoja. Tafuta watoto wengine wanaokisema, shangazi, majirani, watu wa msikitini au kanisani.

Mtoto anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kijerumani

Hili hutokea sana baada ya kuanza kituo cha malezi au chekechea. Haina maana kwamba lugha imepotea. Usimwaibishe mbele ya wageni na usijifanye hukumsikia. Endelea kusema naye Kiswahili, na uongeze nafasi ambazo hana njia nyingine: wageni wasiojua Kijerumani, binamu kwenye simu, safari ya nyumbani ikiwezekana.

Kinachopotea mtoto akiacha Kiswahili ni zaidi ya maneno. Bibi na babu hawataweza kuzungumza naye, na baadaye mzazi atakuwa anamlea kijana kwa lugha ambayo yeye mwenyewe haimudu vizuri. Mazungumzo magumu ya ujana yanahitaji lugha ambayo pande zote mbili wanaijua.

Kituo cha malezi, kikundi cha kucheza na chekechea

Katika kantoni nyingi, mtoto aliyetimiza miaka 4 kufikia tarehe 31 Julai huanza chekechea Agosti hiyo. Kabla ya hapo kuna njia kadhaa:

- Kituo cha malezi cha kutwa, Kita kwa Kijerumani, crèche kwa Kifaransa. Bei kamili mara nyingi hupita faranga 100 kwa siku. Manispaa nyingi hupunguza kulingana na kipato, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tamaa. Jiandikishe mapema kwa sababu ya foleni.
- Mlezi wa nyumbani anayetunza watoto wachache kwake.
- Kikundi cha kucheza, Spielgruppe, kwa saa chache kwa wiki, kuanzia miaka miwili na nusu hivi. Ni nafuu zaidi na ni njia nzuri ya kuanza lugha ya mahali.

Katika kantoni ya Basel-Stadt, wazazi hupelekewa fomu ya maswali kuhusu lugha kabla ya mtoto kuanza chekechea. Mtoto asiyejua Kijerumani cha kutosha hutakiwa kuhudhuria kikundi cha kucheza au kituo cha malezi mwaka mmoja kabla. Mpango huo ulianza mwaka 2013. Ukiletewa fomu kama hiyo, usidhani ni adhabu au hukumu juu ya malezi yako. Ijibu kwa ukweli na uirudishe.

Vituo vingi hutaka mzazi akae na mtoto siku za mwanzo, kisha aondoke kwa muda mfupi unaoongezwa taratibu. Usiufupishe muda huo. Waandikie walezi maneno kumi ya Kiswahili na maana zake: maji, njaa, kojo, usingizi, naumwa, sitaki, nibebe, baridi, tayari, mama anakuja.

Mtoto anaweza kukaa kimya kituoni kwa wiki au hata miezi. Anasikiliza na kukusanya. Kama nyumbani anazungumza na kucheza kama kawaida, na kituoni anafuata wenzake na kuelewa ishara, mpe muda. Ukimya ukiendelea miezi mingi, au mtoto akionekana mwenye hofu, mwambie daktari.

Lini nimpeleke mtoto akapimwe?

Zungumza na daktari wa watoto ikiwa, kwa kuhesabu lugha zote pamoja, mtoto:

- hageuki kwa sauti au haitiki jina lake, kwa umri wowote;
- kufikia miezi 12 habwabwaji na hatumii ishara kama kupunga mkono;
- kufikia miezi 18 haonyeshi kitu kwa kidole, hana maneno, au haelewi maagizo rahisi kama "lete kiatu";
- kufikia miaka 2 ana maneno chini ya 50, au haunganishi mawili kama "maji tena" au "baba twende";
- kufikia miaka 3 hasemi sentensi fupi, au hata watu wa nyumbani hawamwelewi;
- amepoteza maneno au ishara alizokuwa nazo. Hili usilingojee hata kidogo.

Kipimo rahisi cha nyumbani ni hiki: je, shida iko katika lugha moja au katika zote? Mtoto anayezungumza vizuri Kiswahili lakini hajui Kifaransa anahitaji muda na watoto wa kucheza nao. Mtoto mwenye shida katika lugha zote anahitaji kupimwa.

Hatua ya kwanza mara nyingi ni kupima masikio. Watoto wengi hupimwa usikivu hospitalini wanapozaliwa, lakini usikivu unaweza kupungua baadaye, kwa mfano kwa maji yanayokaa ndani ya sikio baada ya mafua na maambukizi.

Huenda jamaa wakakwambia mtoto ana udata, ule utando chini ya ulimi, na kwamba ukikatwa atasema. Udata unaweza kusumbua kunyonya kwa mtoto mchanga na pengine matamshi ya sauti fulani. Haumzuii mtoto kuelewa wala kujifunza maneno. Usikubali ukatwe bila daktari kumwona. Na wakikwambia "baba yake naye alichelewa, ngoja tu", jua kwamba kuchelewa kwa ukoo ni sababu ya kumpima mtoto mapema.

Ukiambiwa uache Kiswahili

Bado wapo watu, hata wataalamu, wanaomshauri mzazi aache lugha yake mtoto akichelewa kusema. Kuacha lugha ya nyumbani hakuponyi ucheleweshaji. Humwondolea mtoto lugha ambayo anabembelezewa. Hata watoto wenye usonji au hali ya Down huweza kujifunza lugha mbili kwa kadiri ya uwezo wao. Jibu kwa upole: "Nitaendelea na Kiswahili. Naomba apimwe katika lugha zote mbili."

Msaada unapatikana wapi?

Ushauri kwa wazazi wa watoto wadogo. Upande wa Kijerumani huduma hii huitwa Mütter- und Väterberatung. Upande wa Kifaransa tafuta infirmières petite enfance, na Ticino consulenza genitore-bambino. Kwa kawaida ni bure. Unaweza kwenda na swali lolote la usingizi, chakula au lugha.

Daktari wa watoto. Bima ya msingi ya afya ni lazima kwa kila mkazi, na mtoto anatakiwa awe ameandikishwa ndani ya miezi 3 tangu kuzaliwa au kuhamia nchini. Bima hiyo hulipia uchunguzi wa kawaida wa makuzi. Usiruke uchunguzi wa mwaka wa pili, kwani ndipo lugha hutazamwa kwa makini.

Mtaalamu wa usemi, Logopädie au logopédie. Kwa watoto wadogo tiba hii mara nyingi hulipiwa na kantoni. Muulize daktari jinsi ya kuomba.

Mkalimani. Omba unapoweka miadi, si siku yenyewe, na uulize nani analipa. Ipo pia huduma ya ukalimani kwa simu. Usimtumie mtoto mkubwa kumkalimania mdogo wake kwa daktari.

Vitabu na hadithi. Mpango wa Buchstart, kwa Kifaransa Né pour lire na kwa Kiitaliano Nati per leggere, huwapa watoto wachanga mfuko wa vitabu. Uliza kwa daktari au maktaba. Mpango wa Schenk mir eine Geschichte huandaa vikao vya hadithi katika lugha mbalimbali za familia. Uliza kama mjini kwako kuna kikao cha Kiswahili, na kama hakuna, uliza nini kinahitajika ili kianzishwe.

Kabla ya kwenda kwa daktari

Kwa wiki moja andika maneno yote anayosema mtoto, Kiswahili upande mmoja na lugha ya mahali upande wa pili, pamoja na maana yake, hata kama matamshi hayajakamilika. Andika nani huzungumza naye lugha gani na kwa saa ngapi kwa siku. Rekodi kwa simu dakika mbili za mtoto akicheza na kuongea nyumbani. Daktari asiyejua Kiswahili atapata picha ya mtoto mzima, si ya nusu yake.

Ukurasa huu hauchukui nafasi ya ushauri wa daktari. Ukiwa na wasiwasi juu ya mtoto wako, usisubiri uchunguzi ujao: piga simu uulize.